Pingili za Mzabibu wa Baba

Jumanne, Bwera. Mvua imekataa kunyesha na imekataa kwenda zake. Mlima umejifunika tangu asubuhi, hewa nzito, na moyo wangu vivyo hivyo. Nimeketi nyuma ya nyumba yetu hapa kambi ya polisi, mikono imejaa udongo, naandika kwenye simu kwa kidole kimoja. Nisipoandika nitapiga kelele, na majirani watakuja.

Wanaonisoma siku zote wanajua habari ya zabibu zangu. Kwa mgeni: nilizaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Beni. Kule nyumbani baba alikuwa na mzabibu mmoja uliotambaa juu ya paa la jiko. Mbegu yake aliipata kwa mapadre alipokuwa mtunza bustani wao. Vita vilipotufukuza, mama na mimi tulitangulia kuvuka mpaka pale Mpondwe. Baba alisema anafungua mbuzi, anakuja nyuma yetu.

Hakuja.

Mwili hatukuuona. Mwaka jana ndugu walisema imetosha, tukafanya matanga bila kaburi. Mama akanyolewa nywele. Mimi nikaanza kusema "marehemu baba", na kila nikisema ulimi unakwama.

Ndipo nikatamani kitu chake, chochote. Mama Kavira, tunayeuza naye vitenge soko la Mpondwe, akamtuma mwendesha pikipiki anayefika kule aniletee pingili za ule mzabibu. Zikaja zimefungwa kwa kamba ya mgomba, zimekatwa safi, ncha moja sawa, ncha nyingine mshazari. Nilizinusa hapo hapo sokoni, watu wanacheka.

Nilizipanda kwa akili, jamani. Nilitoboa makopo, nikagawa. Mengine nilitia mchanga wa mto Lhubiriha, niliouosha mpaka maji yakatoka meupe. Mengine maganda ya kahawa yaliyooza, kutoka Kyarumba. Mengine udongo mweusi na samadi ya mbuzi. Nilijiambia, kimoja kikikataa, kingine kitakubali.

Vyote vilikataa. Nikaulaumu mchanga, eti unakauka upesi. Nikayalaumu maganda, eti yanashika maji mno. Samadi nikasema bado mbichi, imeunguza. Nikahamisha makopo kivulini, nikayarudisha juani, nikapunguza maji, nikaongeza. Vijiti vikazidi kukauka juu, vikawa kuni. Mtu mzima mimi, nikalia kwa sababu ya vijiti. Niliona baba anakufa tena, na safari hii mikononi mwangu.

Mume wangu ni polisi, mtu wa Soroti, mwema sana ila Kiswahili chake ni cha gwaride. Leo akitoka kazini kwake alisimama mlangoni na kofia mkononi. "Hiyo kitu imekufa. Ng'oa, tupa." Kisha akaona uso wangu. "Pole, mama," akasema taratibu, akaenda.

Basi nikang'oa.

Ya kwanza ilikuwa kwenye maganda ya kahawa. Chini kabisa, gizani, palikuwa na chipukizi. Jeupe, jembamba, limeota kuelekea chini, halafu limejikunja na kuanza kupanda juu. Nikang'oa ya mchangani: macho ya pingili, pale chipukizi linapotokea, yamevimba, yote yanatazama chini. Ya kwenye samadi, hivyo hivyo. Mchanga wa watu haukuwa na kosa, wala maganda, wala mbuzi. Nilikuwa nimezipanda zote kichwa chini.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwenye mafunzo ya wakulima kule Kasese tulifundishwa: ncha ya chini kata sawa, ya juu kata mshazari, ili usichanganye. Nami nikapanda kwa kufuata ule mkato, macho sikuyaangalia. Katika maisha yangu ni mtu mmoja tu niliyemwona akikata kinyume. Yeye mshazari ulikuwa wa chini, eti kijiti kiingie ardhini kama kigingi. Mapadre walibishana naye mpaka wakachoka. Na mzabibu ule hakuna aliyeugusa kwa kisu isipokuwa yeye, hata mama hakuthubutu.

Nilimpigia Mama Kavira. Nani alizikata? Alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka.

"Masika, ule mutu ya pikipiki hakuona mutu. Aliambia tu majirani asema mutoto ya Paluku anaomba miti ya zabibu. Kesho yake akapita, akakuta miti iko ku mulango ya kwenu, imefungwa na kamba. Hakukuwa mutu."

Paluku ni baba.

Labda alimfundisha jirani. Labda ni mtu tu aliyekata ovyo na kisu kikaangukia hivyo. Lakini zote? Na kama ni yeye, alisikia jina langu, akachagua matawi mazuri, akayafunga, akayaweka mlangoni, halafu akajificha? Asitume hata salamu? Tangu hapo nahisi mtu amesimama nyuma yangu. Nageuka, ni shati la mume wangu kwenye kamba.

Mama yuko Kinyamaseke kwa dada yangu. Nywele zimeota tena, na siku hizi anamaliza sahani yake. Sijampigia. Nikimwambia na isiwe kweli, nitakuwa nimemuua. Nikinyamaza na iwe kweli, nitamtazamaje?

Pingili zenye uhai nimezigeuza, nimezirudisha kwenye maganda. Kesho alfajiri nakwenda Mpondwe, yule wa pikipiki aende tena. Sitamwagiza alete kitu. Asimame mbele ya mlango ule mchana kweupe, aite "Paluku" kwa sauti, aseme Masika anakusalimu, halafu angoje.

Habari ya matanga huvuka mpaka kabla ya chakula cha msiba kupoa. Kama yu hai, basi amesikia kwamba tulimlilia, tukawapikia watu, tukamwambia Mungu ampokee. Baba yangu akikasirika hasemi na mtu, hata mwezi unapita.

Ee Mungu, naomba awe amenuna. Iwe ni hilo tu. Baba amenuna.