Kazungu, Wameandika Kwamba Ulizembea

Ndugu yangu Kazungu,

Jana niliitwa ofisini nitie sahihi ripoti ya kifo chako. Wameandika kwamba ulizembea. Kwamba kekee, ile ncha ya kuchimbia, ilikwama kisimani kwa uzembe wako, na kwamba ulisimama pasiporuhusiwa. Niliisoma mara mbili, nikawarudishia kalamu yao.

Wewe, uzembe. Wewe uliyekuwa ukiivisha kekee pete ya chuma kila asubuhi kuipima, na pete ikipwaya unasema, "Athman, hii imelika ubavuni, haiteremki tena." Nikilalamika jua linatupandia, unanitia kiganjani vumbi lililotoka shimoni. Likiwa chembechembe kama chenga za mchele, meno ya kekee yanakata mwamba. Likiwa laini, yanasaga tu. "Nyinyi watu wa Mambrui," ulinitania, "unga mnaoujua ni wa maandazi."

Siku ile kule Magarini pete ilipwaya, ukamwambia msimamizi mapema. Akakujibu, "Chimba. Wakubwa wanakuja kesho kuona maji." Ukachimba. Hilo nalo linaniudhi, Kazungu, sikufichi. Ulijua kuliko yeye, ukainamisha kichwa ukachimba kutwa nzima kwa kekee iliyolika, na shimo likazidi kuwa jembamba kila lilipokwenda chini.

Asubuhi yake akaleta kekee mpya, nene, akataka ishushwe kwa nguvu. Ukamwambia, "Bwana, shimo halitoshi. Tulipanue kwanza, polepole." Hakusikia. Ikateremka, ikabana kama kizibo.

Ukainama penye mdomo wa shimo, ukawa unaligonga bomba la kekee lilegee. Akaniamuru nivute. Mimi ndiye niliyeshika winchi ya kuvutia waya. Uliniinulia kiganja, nisubiri, na nilikiona. Wallahi nilikiona. Akafoka, "Vuta," nami nikavuta. Waya ukakatika, ukakupiga.

Mengine huyajui. Wakubwa hawakuja. Shimo limefukiwa, na kekee ile ile mpya imo chini. Msimamizi yuko Gede sasa, anachimba kisima kingine, na nimesikia vijana wake wanakatazwa kupima kwa sababu kupima kunachelewesha kazi. Mimi, kwa kukataa kutia sahihi, nimeambiwa nisirudi.

Leo nimekwenda kwa mama yako. Miezi miwili nilikuwa napita mbali na kwenu. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamweleza yote, mpaka mkono wangu kwenye winchi. Nilitaka anifukuze. Akasema, "Yule bwana alikuja na kilo mbili za sukari, akaniambia mwanangu hakuwa makini. Mbona wewe umekawia hivi?"

Jumatatu nakwenda kwa afisa wa kazi, Malindi, na mama yako amesema tutafuatana. Nitaeleza kekee hupimwa vipi, wewe ulionya mara ngapi, yeye aliamuru nini na mimi nilitenda nini. Wakitaka kunishtaki, na wanishtaki. Na nikipata tena kazi ya mashine, siku pete itakapopwaya nitaizima mashine, afoke atakayefoka.

Mungu akupumzishe, ndugu yangu. Hasira zangu kwako hazijaisha. Ungekataa, Kazungu. Ungekataa nami ningekataa nawe.

Wako,
Athman