Matumbo kwa Bodi ya Koito

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Msichana mrembo ameingia kibandani leo. Fancy. Anataka bodi ya koito, ile sherehe ya posa — Jumamosi wazee wa mchumba wake wanaenda kwao Njoro kuongea mahari, na wageni lazima waione getini. Herufi? Matumbo, bila shaka! Ndilo jina la hizo herufi zangu nono za kurukaruka, nilizozibuni kwa brashi hapa Bondeni na mwaka jana nikazitia kwenye kompyuta. Sasa ziko kila mahali. Kinyozi, chipsi, duka la mbolea. Kanisa moja la Free Area limeandika nazo TUBUNI, na mtu akiisoma anatamani kwanza kutenda dhambi.

Fancy anataka za mkono. Za kompyuta anasema zimefanana sana. Nikamuuliza majina ya kuandika. Fancy na Kiarie.

Kiarie gani? Akanionyesha picha. Kiarie wangu!

Jumanne, 5 Agosti

Usingizi umenikataa. Huyu ndiye aliyeniacha kwa sababu kwao hawawezi kuoa fundi wa rangi. Herufi zangu aliziita za kuuzia mutura, yale matumbo ya kuchoma. Na bado nampenda, shetani ashindwe.

Nimepaka FANCY. Imetoka vizuri mpaka nikaudhika.

Alhamisi, 7 Agosti

KIARIE imekamilika. Tumbo la R nimelizidisha kidogo. Kitambi anacho siku hizi, nilikiona kwenye picha. Nani atanishtaki?

Ijumaa, 8 Agosti

Amekuja mwenyewe! Peke yake, viatu vinang'aa. Akaitazama bodi, akasema herufi zangu amezipenda siku zote. Mwongo. Na moyo wangu huu mjinga ukafurahi.

Kisha akashusha sauti. Hayuko tayari. Wazee wameshakodi gari, hajui atawaambia nini.

"Wariara, si umshow Fancy tu bodi haijakauka? Waahirishe. Halafu mimi na wewe tutaongea poa."

Mwanamume mzima anataka kuokolewa na rangi! Ng'ombe wameshahesabiwa, mbuzi wa Njoro wanangoja kisu, yeye anasingizia mbao.

Mara tukamwona Fancy akivuka barabara na shangazi zake wawili. Kiarie akazama nyuma ya bodi. Mbio hizo angezipiga hadi kwa baba yake angeshamweleza yote.

Sasa shangazi wako nje kwenye benchi, wanakunywa soda na kusifu rangi. Naandika hapa kaunta nikijifanya natafuta risiti. Najua nikimficha leo, Jumapili atakuwa jikoni kwangu anauliza chai iko wapi. Na namtaka hapo jikoni. Aibu yangu.

Fancy amesimama mlangoni. Hajakaribia, anaogopa kuichafua bodi. Ameniuliza kwa upole kama imekauka, waibebe.

Imekauka tangu asubuhi, na Kiarie bado yuko nyuma yake. Fancy ananingoja, anatabasamu.