Niliposema Tunakwenda Kisiwani

Jumapili, mwezi wa sita. Leo jua limetoka kweli. Mtaa wetu huku ughaibuni, hapa Hayes, wote wako nje wanachoma nyama, na mimi nimejifungia chumbani, pazia nimelishusha. Binti yangu Salma amegonga mlango mara mbili kuuliza kama naumwa. Nimemwambia kichwa. Si kichwa.

Niandike, huenda nikapumua.

Tangu baridi iliyopita mimi na mume wangu Hamad tunapanga likizo ya Malta, kisiwa cha watalii. Wiki moja, mwezi wa nane, hoteli yenye bwawa karibu na bahari. Hamad anapakia mizigo ghalani kule uwanja wa ndege. Mimi natunza wazee majumbani mwao. Nawaogesha, nawalisha, nawageuza, na mgongo wangu siku hizi ndio unaoniamsha. Nilitaka mara moja tu katika maisha yangu niamke nikute chai imeshawekwa mezani na mtu nisiyemjua. Kila jioni nilikuwa nafungua simu kutazama picha za lile bwawa, kama bibi harusi anayetazama nguo yake.

Na niseme ukweli wote. Malta niliichagua kwa sababu sina ndugu Malta.

Kwetu ni Pemba. Sijafika tangu Salma anatambaa, na sasa ananifika begani. Kwenda Pemba si kupumzika. Ni kubeba masanduku ya zawadi na bado mmoja anune. Ni kuzunguka nyumba kwa nyumba kutoa pole za misiba ya miaka yote hiyo. Ni kuulizwa mbona umekonda, mbona mtoto mmoja, mbona mtoto mwenyewe ukimsemesha anajibu Kizungu. Nawapenda sana. Lakini nimechoka, na mtu aliyechoka hata kupenda anapenda vibaya.

Mwezi uliopita mama aliniuliza kwenye simu likizo hii tutafanya nini. Nikaona haya kutamka Malta. Mkataa kwao mtumwa, nilishawasikia kichwani majirani wa mama wakisema. Basi nikajibu, "Mwezi wa nane tunakwenda kisiwani, mama, tukapumzike."

Kisiwani!

Mpemba namwambia Mpemba mwenzangu kisiwani. Angefikiria kisiwa gani kingine? Alicheka, akaniombea dua ndefu mpaka nikashangaa. Nikajiambia amefurahi kwamba tutapumzika. Nilijidanganya kwa kuwa ilinifaa.

Leo asubuhi dada yangu Riziki, anayeishi na mama kule Pemba, mjini Wete, kaniletea ujumbe wa sauti. Chumba kimeshapakwa chokaa. Godoro jipya limenunuliwa. Mtaa mzima wanajua tunakuja. Hayo yote ningeyameza. Lakini mwishoni, kama anayetaja jambo dogo, Riziki akasema mama alipewa siku ya kupasuliwa jicho, lile lililoingia mtoto wa jicho, na kwa kuwa siku yenyewe ni karibu na kuja kwetu, amekataa. Daktari kamwonya kwamba ameshachelewa. Mama kasema jicho litangoja, wageni wake hawangoji.

Nimelia mpaka mto umelowa.

Hamad nilimwambia akiwa anafunga viatu kwenda kazini. "Mpigie leo leo umwambie ukweli," akasema. "Booking ni non-refundable, pesa hazirudi, na leave yenyewe wiki moja tu. Pemba tutafika saa ngapi, turudi saa ngapi?" Hana kosa. Naye kachoka vilevile.

Baada ya adhuhuri nimepiga. Nilikuwa nimejifunza la kusema kama mtoto wa chuo cha Kurani: Mama, hatuji. Basi, halafu nipokee nitakachopokea. Lakini nikaona nianze na jicho, maana hilo ndilo lisilongojeka.

"Mama, nenda kafanye jicho."

"Nikifanya n'takatazwa moshi," akasema. "Sikai jikoni mwezi mzima. Nani atakupikieni?"

Hapo ndipo pa kusema. Nafasi nilipewa wazi, sikuhitaji hata kuitafuta. Nikafungua mdomo.

"N'tapika mie."

"Wewe?"

"Mie, mama. Wewe utakaa tu, ututazame."

"Haya, mwanangu. Kesho Riziki atanirejesha kwa daktari."

Halafu akaanza kuniuliza Salma anapenda pweza au hapendi, na mimi nikawa namjibu, machozi yananitiririka, sauti nimeikaza asisikie.

Nilipiga simu kusema hatuji. Nimekata simu nimeahidi kupika.

Sijui nimefanya nini. Tiketi za Pemba sina, siku za likizo hazitoshi, Malta imeshalipiwa, na meneja wangu hata siku moja ya ziada huitoa kwa kununa. Mume wangu yuko ghalani anadhani nimeshamaliza jambo hili. Asubuhi nilikuwa na shida moja, sasa sijui zimefika ngapi.

Ila mama atafanyiwa jicho. Hilo sitalirudisha nyuma, hata nikitukanwa.

Hamad akirudi nitamwambia palepale mlangoni, kabla hajavua viatu. Akishakaa nitaogopa tena.