Hamu ya Udongo wa Kwetu Imekwisha

Jumapili, jioni. Mvua ya kwanza imenyesha.

Imetukuta tunatoka kanisani. Matone machache makubwa ya kutulowesha kanga, kisha jua likarudi kama vile halikuondoka. Ardhi ikatoa ile harufu yake. Nilisimama mlangoni, nikaivuta kwa pua yote, nikangoja mate yanijae mdomoni.

Hayakuja.

Shajara yangu, wewe unajua nilivyokuwa. Mwezi uliopita harufu hiyo ingenitoa nje bila viatu. Nilikuwa nabandua udongo ukutani mwa jiko kwa kucha, mpaka mama mkwe akauliza kama kuna panya anayekula nyumba. Leo nimenusa, nikaona ni harufu nzuri tu, nikaingia ndani kupakua chakula.

Ningepaswa kufurahi. Nimekasirika.

Mimba hii ilipoanza kuonekana niliingiwa na woga usio na sababu. Nimekaa nachambua mboga, moyo unadunda kama nimefukuzwa. Nikitoka kisimani napumzika njiani mara kwa mara, ndoo chini, watu wazima kuliko mimi wananipita. Nililia kwa sababu ugali umeshika chini. Nililia mbele ya darasa ninalofundisha la kisomo cha watu wazima, watu wenye wajukuu, kwa sababu mzee mmoja ameweza kuandika jina lake. Masikini yule mzee alidhani amekosea, akalifuta.

Na katikati ya hayo, uchu wa udongo. Tena si udongo wowote. Hapa kijiji kipya ardhi ni kichanga kitupu, haina ladha; ule wa ukutani ulinizuga tu. Jirani aliniletea ule wa kuchoma unaouzwa sokoni Usinge, nikautema. Niliutaka wa kichuguu kikubwa kilicho nyuma ya nyumba yetu ya zamani, kule tulikoondolewa kiangazi cha mwaka jana, serikali ilipotukusanya kijiji kimoja.

Sasa kule ni mahame, na mahame hayaendwi. Amri ni kwamba asirudi mtu, maana akirudi mmoja atajenga kibanda, na wa pili atamfuata. Kila balozi wa nyumba kumi analinda watu wake. Na balozi wetu ni mume wangu, Maganga. Siku ya kuhama yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda juu na kushusha paa la nyumba yake kwa mikono yake, ili wengine waone. Tangu siku ile hajakanyaga kule.

Lakini mwenye mimba akitaka kitu, nani wa kumbishia? Hata katibu kata hana jibu. Mama mkwe alimwambia Maganga kuwa nisipoupata udongo huo, mtoto atazaliwa anatokwa mate na yataendelea kumtoka mpaka siku ya kuoa. Maganga akakuna kichwa, akatoa ruhusa. Kila Jumamosi asubuhi niende na mama yake, na kikapu kidogo, tuwahi kurudi.

Njia yenyewe ni ile waliyopita wapagazi wa zamani kwenda Ujiji, na mama mkwe akiikanyaga hanyamazi. Babu yake alikuwa mpagazi. Anasema alikuwa anafunga udongo wa kichuguu cha kwao kwenye pindo la nguo, na moyo ukimlemea njiani anaulamba kidogo, anainua mzigo, anaendelea. "Kwa hiyo wewe huna wazimu, mayo," ananiambia, akiniita mama kwa kikwetu. "Umeolewa kwenye ukoo wenyewe."

Tukifika anakaa pale palipokuwa jiko letu, ananipa mgongo, mimi nakwenda kichuguuni peke yangu.

Sijawahi kuandika humu kwa nini nilikitaka kichuguu kile na si kingine. Leo naandika. Nyuma yake amelala Kalunde.

Binti yangu. Surua ilimchukua mwaka mmoja kabla hatujahama, ndiyo kwanza ameanza kutembea, anashika kila kitu na kukivuta. Tangu nipate mimba hii hakuna anayelitaja jina lake mbele yangu. Ndiyo desturi, na wanaifuata kwa wema, mwenye mimba asitikiswe moyo. Udongo nimeruhusiwa, jina sijaruhusiwa. Kwa hiyo kila Jumamosi nilipiga magoti pale, nikala udongo, nikang'oa majani, nikaongea naye. Habari za kijiji, nani kagombana na nani, zamu za shamba la pamoja, mama mkwe na panya wake. Kisha narudi na kikapu, na watu wanatania, "Mke wa balozi ametoka dukani!" Nacheka nao.

Halafu likaja suala la vidonge.

Nesi wa zahanati alinishusha kope kwa kidole, akaguna. "Mama, huku ndani ni kweupe. Unakula udongo?"

Nikasema sili. Akaniambia nicheke. Nilipocheka akauona udongo kwenye meno yangu, naye akacheka.

"Huo udongo haukuongezei damu, unaimaliza," alisema. "Na moyo kwenda mbio, na woga, na kulia ovyo, usidhani umeharibikiwa akili. Damu yako ni kidogo. Ikipanda, mengi yatatulia yenyewe."

Akanipa vidonge vyekundu na vingine vidogo vya manjano. Nivinywe kwa maji ya limau, nisivichanganye na chai. Nile maini anapochinjwa ng'ombe, maharage, matembele, na nsansa, yale majani ya kunde tunayoyakausha. Damu isipopanda nitapandishwa treni nikajifungulie hospitali kubwa ya Kitete. Nikauliza kwa nini treni. Hakunificha. Alisema wapo wanawake wanaoingia kujifungua damu ikiwa kidogo hivyo, na hawainuki tena.

Nikavinywa. Ladha ya msumari wenye kutu. Tumbo likafunga, choo kikawa cheusi, mama mkwe akataka kwenda kuita mganga wa kienyeji mpaka nilipomweleza kuwa nesi alinionya mapema. Kilichoniuma zaidi ni kuiacha chai ya asubuhi. Siku za mwanzo sikuona tofauti yoyote, nikavitukana vidonge kimoyomoyo. Baadaye, siku moja, nilitua ndoo nyumbani ndipo nikakumbuka kuwa sikupumzika njiani. Nikaanza kulala. Yule mzee wa kisomo ameandika jina lake tena, nami nimempigia makofi, macho makavu. Woga sikuuona ukiondoka. Nilishtukia haupo.

Yote hayo ni mazuri na namshukuru nesi. Lakini jana, Jumamosi, nilipiga magoti kichuguuni nikatia udongo mdomoni, na ulikuwa udongo. Udongo tu, wenye mchanga wa kukwaruza meno. Nikautema. Nikaona haya mbele ya Kalunde, kama mtu aliyekaribishwa nyumbani kwa mwenzake akakataa chakula.

Tangu hapo nimekuwa na swali moja kichwani. Kumbe yale niliyoyaita majonzi yangu ni upungufu wa damu? Mtu anaweza kupimwa huzuni kwa kushushwa kope, akapewa kidonge kidogo kuliko punje ya haragwe, ikaisha? Kama ni hivyo, nilikuwa namlilia nani?

Mvua ya leo imenihakikishia kwamba uchu umekwisha kweli. Na kabla sijajua nimwambie nani, Maganga alikuwa amekwishaambiwa. Nesi, aliyenipima tena wiki iliyopita, alikutana naye nje ya kanisa akampongeza. Tulipokaa kula, yeye kwa furaha zake zote akasema, "Nesi ameniambia damu imepanda. Kwamba hata hamu ya udongo haitakusumbua tena. Basi Jumamosi hakuna safari. Watu wameanza kuuliza kwa nini wa kwangu anakwenda na wao nawazuia."

Hapo hakukosea, wanauliza. Na alinitazama kama mtu aliyemletea mkewe zawadi.

Nikarudisha tonge sahanini. Nikasingizia mboga ina chumvi.

Nitaandika na hili, kwa sababu humu sitaki kujidanganya. Baada ya kula nilichukua vidonge vyangu vyote nikaenda navyo nyuma ya nyumba, mpaka chooni, nikasimama na tundu liko mbele yangu. Nikivitupa, damu itashuka, uchu utarudi, na njia ya kwenda kwa binti yangu itafunguka. Hesabu ilikuwa rahisi kiasi hicho. Kisha nikamkumbuka nesi na wale wasioinuka. Huyu aliye tumboni hajanikosea kitu. Nikarudi navyo ndani.

Nikafikiria kudanganya. Niseme uchu bado upo. Kulia naweza, kila mtu ameshuhudia. Lakini ningelazimika kuula huo udongo wakiniona, na udongo unamaliza damu. Uongo huo pia ungelipwa na mtoto.

Nilikaa jikoni na vidonge mapajani. Nikajipima mwenyewe, polepole, kama nesi. Moyo hauendi mbio. Sitetemeki. Sina uchu wa chochote ila chai. Na bado nataka kwenda kule. Naona vidole vyake vimeshika upindo wa kanga yangu vinavuta, na inaniuma, lakini hainitishi.

Woga umekwenda. Uchu umekwenda. Kalunde hajakwenda.

Kwa hiyo si damu. Upungufu wa damu ulikuwa ugonjwa, nao ukapanda juu ya huzuni yangu, nikashindwa kujua kipi ni kipi. Sasa najua. Hii iliyobaki haina kidonge, na kama ingekuwa nacho nisingekinywa.

Nikatoka nje. Maganga alikuwa kwenye kigoda, mama yake pembeni anamenya karanga. Nilisema haraka haraka kabla sijaogopa.

"Baba, uchu wa udongo umekwisha kweli. Siendi tena kula. Nataka kwenda kwa Kalunde."

Mama mkwe aliacha kumenya. Nilingoja anikaripie kwa kulitaja jina na tumbo langu hili. Hakunikaripia. Nikajua Maganga atanijibu kama balozi, atasema amri ni amri, nikaanza kupanga maneno ya kumrudishia.

Akauliza kwa sauti ndogo, "Mvua zimeanza. Pale alipo, majani hayajamfunika?"

Nilidhani amemsahau. Miezi yote hii nimelala naye kitanda kimoja nikiamini kuwa amemsahau.

"Nayang'oa kila Jumamosi," nikasema. "Ungekuja ungeona." Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia.

"Nimewazuia watu, mimi niende vipi?"

Mama mkwe akarudi kwenye karanga zake. "Amri ilisema watu wasirudi kujenga," alisema. "Nani anajenga pale?"

Maganga aliinuka akaingia ndani. Mama mkwe alinisogezea karanga, nikakaa chini, tukamenya wote. Machozi yalinitoka kidogo, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Sijui Jumamosi itakuwaje. Sijui atawaambia nini wale wa nyumba nyingine tisa. Huenda na wao wana watu wao kule, na kila mmoja anatafuta sababu ya kupewa ruhusa.

Ninaandika haya mwanga ukiwa umebaki kidogo dirishani. Nje kuna mlio wa chuma kwenye jiwe. Nimechungulia. Ni Maganga, yule anayenikataza hata kuchanja kuni siku ya Jumapili, ananoa panga la kufyekea majani.