Acha CD Izunguke Mpaka Mwisho

Dzaleka, tarehe 8 Februari 2009

Kaka Dany,

Kuna kitu sijaambia mtu yeyote, na hata Mungu simwambii kwa sauti. Mi si Rosette.

Rosette alikuwa binti ya papa Adolphe na maman Annonciata. Alikufa kwa homa njiani, wakati tunakimbia Bukavu. Alikuwa na miaka kumi, mi tisa. Mi naitwa Annie. Baba yangu, ndugu ya papa Adolphe, alikuwa ameshakufa, na mama tulipotezana naye siku ile ya risasi. Tulipofika huku Malawi, kambini, kuandikishwa, bwana wa mezani aliuliza, "Na huyu?" Papa Adolphe akajibu, "Ni binti yangu." Hakudanganya. Kwetu mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako, nani anauliza zaidi? Lakini karatasi aliyotoa mfukoni ilikuwa ya Rosette, maana mi sikuwa na yoyote, na yule bwana akaandika alichokiona. Njo vile nimekuwa Rosette miaka mitano.

Sasa wametuita. Tutafanyiwa interview ya kwenda kuishi nje, na jina nitakalosema pale nitakwenda nalo mpaka kaburini. Mama yangu, kama iko mzima, atatafuta Annie, na Annie haiko popote. Nikisema kweli, dosie, faili letu la ofisini, inaweza kuanguka na watu sita ndani yake.

Nakuandikia wewe, kaka wa urafiki si wa damu, kwa sababu ya ile CD uliyonipa, maana yule mwimbaji

Viatu vya maman hivi mlangoni. Naficha


Dzaleka, tarehe 11 Februari 2009

Kaka yangu Dany,

Pokea salamu toka kwetu sote. Cherehani za mjomba Balagizi zinakupa nafasi ya kula huko Biwi, ao unakula uzi? Siye tuko wazima, ila maman anakohoa vumbi. Nilianza kukuandikia Jumapili, karatasi ikaharibika. Usiulize.

Haya, CD. Ulisema nisikilize albamu ya tatu ya lile kundi letu, Les Cierges Froids, Mishumaa Baridi, "ili tucheke pamoja". Nimeisikiliza mara nne chini ya blanketi, sikio moja kwa muziki, lingine kwa papa Adolphe, maana yeye ni shemasi, na akikuta ile picha ya mishumaa na fuvu kwenye jalada, mi nitafungishwa siku tatu za maombi bila kula. Kaka, sikucheka. Nimeipenda. Nimeipenda kupita zile mbili za kwanza.

Najua utatukana. Najua Maud, mwimbaji wao, alikufa, kama ulivyosoma kwenye internet, na huyu anayeimba ni mdogo wake, na kwenye jalada bado wameandika Maud. Lakini sikiliza wimbo wa nne, ule wa kinanda bila ngoma. Sauti yake inapanda mahali ambapo dada yake angefika kwa urahisi, yeye hafiki vizuri, inatetemeka, na bado haiachi. Maud alikuwa anaimba giza kama mtu anayelipenda. Huyu anaimba kama mtu ambaye wamemfungia ndani.

Na kitu kimoja: uliacha CD izunguke mpaka mwisho?

Barua hii anakuletea Kassim, yule wa Kindu anayeuza sabuni. Nijibu kupitia kwake.

Dada yako,
Rosette


Lilongwe, Biwi, tarehe 1 Machi 2009

Dada Rosette,

Jambo sana. Huku tuko, Mungu anasaidia. Mjomba Balagizi anakusalimu, anasema ukuje umshonee vifungo, vidole vyake vimechoka. Maman ameacha kukohoa? Mwambie anywe tangawizi.

Sasa we. Masikio yako uliacha kwenye mashine ya kusaga mahindi? Ile si albamu, ni muziki wa kungojea daktari wa meno! Guitare iko wapi? Kwenye ya pili, besi inatembea kama mtu anashuka ngazi za cave, chini ya nyumba, unasikia baridi mpaka kwa magoti. Kwenye ya tatu kuna kinanda cha Jumapili na dada mmoja analia pua.

Na si mi peke yangu. Juzi nilipeleka nguo mtaa wa Area 47, nikarudi kupitia cyber ya internet, nikasoma forum ya bafans. Banapigana, dada! Mmoja wa Liège anasema ametupa CD yake dirishani. Mwingine anamjibu, "We ulipenda kaburi, haukupenda wimbo." Bibi mmoja mwenye jina la popo anasema ya tatu njo nzuri kuliko zote. Nikafikiri ni we umejificha kule.

Mwisho sijafika. Betri ni bei. Wimbo wa tisa ukiisha, natoa.

Kaka yako,
Dany


Dzaleka, tarehe 22 Machi 2009

Kaka Dany,

Amani kwako. Maman amepona, tangawizi ilisaidia, anasema aksanti. Shuleni tunaendelea; mwalimu anasahihisha Kiingereza changu kwa kalamu nyekundu, na ninapotaka kuuliza swali Kifaransa cha masista wa Bukavu kinakuja mbele kama mbuzi, basi nanyamaza. Unanijua.

Bibi popo ana akili. Unasema dada analia pua, sawa. Lakini jiulize aliombwa na nani aimbe. Labda walimwambia: tamasha zimeshapangwa, watu wanangoja Maud, we sura yenu ni moja, simama pale. Labda alikuwa mtoto. Angesema hapana, wale wengine wote wangekwenda wapi?

Hapa nyumbani tunafundishwa majibu. Kila jioni, kisha kula nsima, ugali wa huku, papa Adolphe anakaa kwenye kiti, anakuwa mzungu wa ofisi. "Jina?" "Rosette." "Ulizaliwa lini?" Ninajibu. "Maman yako ni nani?" Ninamwonyesha maman Annonciata. Jana nilichelewa kidogo kwenye lile la tatu. Papa akasema, "Binti, ofisini hawangoji." Wadogo wakacheka. Maman hakucheka.

Tafadhali, nunua betri.

Dada yako,
Rosette


Lilongwe, Biwi, tarehe 19 Aprili 2009

Dada Rosette,

Salamu za Pasaka. Mlikula nini? Siye tulikula kuku mmoja kwa batu kumi na moja, mi nilipata shingo.

Leo sitaki mchezo. Unaniuliza nani alimwomba yule dada aimbe. Mi sijali nani. Unakumbuka hizo CD mbili za kwanza zilikuwa za nani? Za Rodrigue. Kaka yangu alizinunua Bukavu kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Alipokufa, tulimlaza, tulikaa matanga siku tatu nzima, bamama balilia mpaka sauti ikaisha. Kisha njo nikapewa mashati yake. Nilivaa, lakini batu waliniita Dany. Hakuna aliyeniita Rodrigue.

Sasa hawa Les Cierges Froids. Maud anakufa, hawasemi neno. Hakuna tarehe, hakuna mstari hata mmoja mdogo nyuma ya jalada. Wanachukua mdogo wake wanamvalisha jina. Kwa hiyo Maud hajafa? Nani alimlilia? Yule mama yao, alikaa matanga wapi, kama kila siku binti yake anatangazwa kwenye radio? Na huyu anayekubali kuitwa jina la marehemu, mi namwona ni mwizi wa kaburi. Imba vizuri, imba vibaya, ni mwizi tu.

Usikasirike. Njo vile ninaona.

Kaka yako,
Dany


Lilongwe, Biwi, tarehe 31 Mei 2009

Dada,

Uko? Kassim amekuja mara tatu mikono mitupu. Nilimwuliza kama uko mgonjwa, anasema amekuona kwenye bomba la maji, ulimsalimu, ukageuka. Nilisema kitu kibaya? Ni albamu tu, dada. Kama ni ile ya "mwizi", nisamehe, nilikuwa na Rodrigue kichwani.

Jibu hata mstari mmoja. Hata matusi.

Kaka yako,
Dany


Lilongwe, Biwi, tarehe 21 Juni 2009

Dada Rosette,

Bado haukujibu, lakini nakuandikia, maana nimenunua betri.

Niliacha CD izunguke. Wimbo wa tisa ukaisha. Kimya. Nikahesabu dakika moja, mbili, mjomba akapita akauliza, "Unasikiliza nini?" Nikasema, "Sijui." Akacheka sana: "Batoto ba sasa banalipia betri kusikiliza hewa!" Kisha ikatoka sauti. Haiimbi, inasema tu, ya chini, ingine kabisa na ile ya nyimbo: "Maud amelala. Mi ni Élise."

Basi. Kisha CD ikasimama.

Sikulala vizuri kwa ile sentensi. Wimbo wa kwanza bado ni wa daktari wa meno, hapo sibadiliki. Lakini nilirudia wa nne, na safari hii nilijua ninamsikiliza nani. Ile kutetemeka haikuwa pua. Na nilifikiri: huyu dada amefanya matanga peke yake, mwisho kabisa wa CD, pale ambapo hakuna mtu anafika. Neno la mwizi narudisha.

Ila nina swali moja. Mbona alingoja mpaka mwisho? Angesema mwanzoni, batu wangemlilia dada yake, kisha wangekaa kumsikiliza yeye.

We unaonaje? We njo mwenye masikio.

Kaka yako,
Dany


Dzaleka, tarehe 5 Julai 2009

Kaka yangu Dany,

Salamu zako zote tatu nilizipata, na nisamehe kwa kimya. Niko mzima. Ndani ya bahasha utakuta karatasi nyingine ya Februari, imekunjwa mara nane, ilikuwa inalala nyuma ya picha ya mishumaa. Soma ile kwanza. Kisha rudi hapa.

Sasa unajua mbona neno lako liliniuma. Lakini si "mwizi" lililoniuma zaidi. Ni pale uliuliza mama yao alikaa matanga wapi.

Rosette tulimzika pembeni ya barabara, asubuhi, lori likingoja. Dereva alisema kama kuna kilio atatuacha pale pale. Papa Adolphe alimshika maman mdomo. Maman hakulia. Tulipofika kambini hakuweza pia, kwa sababu binti yake iko hai kwenye karatasi, anapokea mahindi na maharage kila mwezi. Ukimlilia, majirani watauliza unalilia nani. Mi nilifikiri ni mi peke yangu nimefungwa ndani ya hilo jina. Kumbe tuko wawili.

Interview ni kesho. Jana tulirudia majibu. Papa akauliza, "Rosette alizaliwa lini?" Hiyo ilikuwa zamu ya maman. Alisema siku, mwezi, mwaka, akaongeza, "saa ya mvua." Hiyo haiko kwenye majibu. Akatoka nje, akasimama mbele ya sufuria ambayo haikuwa juu ya moto.

Unauliza mbona Élise alingoja mpaka mwisho. Nadhani alikuwa anaogopa. Nadhani kila wimbo alisema, nitawaambia kwenye unaofuata. Wimbo wangu wa tisa ni leo.

Sijui nitasema nini ofisini. Ninaogopa kwa ajili ya wadogo, wameshajifunza kusema "theluji". Papa anaweza kunifukuza. Lakini ofisi si ya kwanza. Wa kwanza ni maman. Ninataka kumwambia Rosette amelala, na kwamba nitakaa naye chini siku tatu kama anataka, na kesho tukienda, tuende tukijua nani tumemwacha barabarani na nani yuko hapa. Kinywa changu hakitaweza. Unanijua. Ndiyo maana nimeandika.

Nasikia viatu vyake vya plastiki, ametoka bombani, ndoo anaitua. Mkono wangu umeshashika karatasi kuikunja. Hapana. Naiacha barua hii mezani, upande wa maandishi juu, aisome yeye kwanza kabla haijafika kwako. Anafungua mlango.

Dada yako,
Annie