Barua Niliyomwandikia Anyitike

Mbeya, Jumanne, 1956

Tusa, isome peke yako. Nitampa dereva wa basi akufikishie huko Ilula.

Anyitike anahamia chuo cha ualimu cha Iringa. Anyitike, Tusa. Yule tuliyekuwa tunamfundisha hesabu kila Jumamosi.

Leo asubuhi mwalimu mkuu ameinua barua yake ya maombi mbele ya darasa zima. Akasema, "Mwandiko kama huu ndio wa mwalimu."

Mwandiko kama huu. Ni wangu. Aliniomba nimwandikie, nikakaa nayo jioni nzima, hata mstari mmoja haukupinda.

Yangu sikuiandika. Mwezi mzima nilikuwa najiuliza nihame au nibaki, mara Iringa ni mbali, mara mama atabaki na nani. Na nafasi ilikuwa moja tu.

Alipoitwa yeye ndipo nikajua kwamba naitaka. Nikapiga makofi kuliko wote.

Sasa amekuja na chupa mpya ya wino. Anataka nimwandikie mwalimu mkuu barua ya shukrani.

Amekaa hapa kitandani kwangu, anatabasamu. Anadhani hii ninayoandika ndiyo yake.

Damari