Mtaa wetu kwenye skrini ni kijani

Lindi, Jumatano. Joto, upepo hakuna, na bega langu la kulia limegoma.

Siku ya nne leo bomba kavu. Nimebeba madumu sita kutoka kisima cha bondeni: mawili yangu, manne ya Bi Somoe, jirani yangu mwenye goti bovu. Jana alijaribu kwenda mwenyewe, akaanguka njiani. Hakuvunjika. Safari hii.

Na mfumo wa kisasa tunao. Kila asubuhi ujumbe unaingia kwenye simu: "Habari za asubuhi, mkazi mpendwa. Huduma ya maji kwako ikoje? Jibu 1 kama ni nzuri, 2 kama ni mbaya." Kompyuta inajumlisha majibu, boza la maji linapelekwa kwenye shida. Mimi ndiye niliyezunguka nyumba kwa nyumba kuandikisha namba za watu, kifua mbele, utadhani nimeuvumbua.

Leo nikaenda ofisini kulalamika. Dada wa mapokezi akanigeuzia skrini. Mtaa wetu wote kijani.

"Mbona wenyewe mnasema maji yapo, kaka?"

Nikarudi kwa Bi Somoe. Shikamoo, marahaba, kisha nikamuuliza asubuhi alijibu nini.

"Moja."

"Na maji huna, bibi!"

"Sina. Lakini mtu kakuamkia vizuri, mkazi mpendwa, wewe umtupie mbaya usoni? Unasema nzuri kwanza. Akishakaa, ndiyo unamweleza shida. Kwenu hamkufundishwa?"

Nikamwambia kompyuta haikai.

"Basi haina adabu," akasema, akaenda kupima maji ya kutawadha kwa kikombe.

Nimepita nyumba tano zaidi. Wote moja. Mmoja alijibu moja, halafu akaandika shida zake kwa kirefu, na salamu kwa familia. Mfumo hausomi barua.

Sasa naandika nisichomwambia yule dada, wala Bi Somoe. Nimefungua simu yangu mwenyewe. Siku nne, majibu manne.

Moja, moja, moja, moja.

Kidole kilijibu chenyewe, mimi nikiwa natafuta ndoo.

Asubuhi nitakaa barazani kwa Bi Somoe, simu zote mbili mkekani. Amekubali kubonyeza mbili kwa sharti moja: nianze mimi, aone kama nina uso huo.

Goti la bibi wa watu, na linasubiri mimi nikose adabu kabla ya chai. Nitaweza?